Walio Hai na Maiti Ndani ya "Quickly"

Kanuni ya darasani tunaijua sote: chukua kivumishi cha Kiingereza, bandika -ly mwishoni, umepata kielezi. Kwa mtihani inatosha. Kwa anayetaka kujua "quickly" lilivyoundwa, haitoshi hata kidogo.

Tuanzie mkiani. Hiyo -ly zamani ilikuwa neno kamili, "lic", yaani mwili au umbo. Ndugu zake wangalipo: Mjerumani humwita maiti "Leiche", Mholanzi "lijk". Uingereza kwenyewe, lango lenye paa la kuingilia uwanja wa kanisa, pale jeneza lilipotuliwa kumngoja kasisi, huitwa "lych-gate".

Katika Kiingereza cha Kale, "lic" likishikamana na neno jingine lilizaa kivumishi. "Friendly" ni mwenye umbo la rafiki, na ndiyo sababu neno hilo ni kivumishi mpaka leo ingawa lina mkia uleule. Ili kupata kielezi ilibidi kuongeza irabu: "cwiclice". Kazi yote ya kielezi ilifanywa na ile -e ya mwisho. -Lic alikuwa abiria tu. Kisha matamshi yakaila -e taratibu, dereva akatoweka, abiria akashika usukani. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado alichanganya -ly na -liche.

Kichwani nako kuna jambo. "Cwic" halikuwa haraka. Lilikuwa hai, ukoo mmoja na "vivus" la Kilatini na "bios" la Kigiriki. Zebaki, kwa jinsi inavyotambaa kiganjani, Waingereza waliiita "quicksilver", fedha iliyo hai. Maana ya kasi ilikuja baadaye. Basi "quickly" mbele lina uhai, nyuma lina nduguye maiti. Mzaha mzuri ambao hakuna aliyeukusudia. (Wafaransa walichagua akili badala ya mwili: -ment yao ni "mente" ya Kilatini.)

Lakini si vielezi vyote vilivyombeba abiria. "Hearde" na "fæste" vilikuwa na -e peke yake. Ilipokufa, vikabaki "hard" na "fast", bila mkia wowote, na ni vielezi halali tangu enzi hizo, wala si uvivu wa wasemaji wa leo.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "fastly" asichekwe. Ameitii kanuni, kanuni ndiyo pungufu.