Mbao Zinazoishia Kwenye Vumbi: Kuchagua Msumeno kwa Miti ya Kavumu

Anayetaka kununua msumeno wa mnyororo kwa kazi ya mbao huuliza kwanza nguvu ya injini. Swali hilo lina maana yake, lakini kwa miti ya Kavumu linaulizwa mapema mno. Kavumu, katika teritwari ya Kabare, Kivu ya Kusini, kilomita 30 hivi kaskazini ya Bukavu kwenye barabara ya kwenda Kalehe na Goma, haiishi kwa magogo ya msitu mkubwa. Miti inayopandwa na kuuzwa kihalali kwenye vilima vyake ni mikaratusi, migrevilea na misaiprasi, na kwa sababu mwenye shamba ana ada za shule na madeni ya kulipa, mingi huangushwa ikiwa bado na unene wa sentimita 30 au 40 tu. Hoja yangu ni kwamba kwa mti wa kiasi hicho, idadi ya mbao anazotoa mpasuaji huamuliwa na namna msumeno unavyoongozwa na namna mnyororo unavyonolewa. Injini huja baada ya hayo mawili. Kwa hiyo kikundi chenye fedha kidogo kianze kuzitumia kwenye fremu ya kuongozea, kwenye tupa na kwenye mafunzo. Injini ya wastani itatosha kwa kilichobaki.

Tuhesabu. Tuchukue gogo lililokwisha kuondolewa maganda na kingo zake za mviringo, likabaki na sentimita 30 za kupasua, na tunataka mbao za milimita 25. Mnyororo mzito wa msumeno mkubwa hula milimita 9 hivi kila unapopita, na kiasi hicho chote huwa vumbi. Kama kila mbao ingetoka sawasawa, tungepata mbao 9. Lakini mpasuaji anayeshika mashine kwa mikono mitupu, akifuata mstari uliochorwa kwa uzi uliochovywa kwenye unga mweusi wa betri kuukuu, hawezi kutoa mbao iliyonyooka kabisa. Mahali pamoja inakuwa nene, pengine inakuwa nyembamba, na ili upande mwembamba usipungue milimita 25 analazimika kulenga 30. Hapo mbao 9 zinakuwa 7. Tazama vizuri hizo mbili zilipopotea: mnyororo ni uleule, injini ni ileile, gogo ni lilelile. Zimepotea kwenye mkono. Ukiongeza nguvu ya injini mara mbili hazitarudi, ila msumeno utatoka kwenye mstari kwa kasi zaidi.

Wazee waliopasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake, walilijua jambo hili bila karatasi. Bapa la msumeno wao lilikula milimita 4 hivi. Kwa gogo letu lile, na kwa mikono iliyozoea, hizo ni mbao 10. Kazi yao ilikuwa nzito na ya polepole. Ilitaka jukwaa la miti lijengwe kwenye mteremko, na aliyekuwa chini alivuta pumzi ya vumbi mchana kutwa. Sisemi turudi huko. Nasema kwamba mashine ilipoingia, ilileta mwendo na ikaondoa nidhamu ya mstari, na watu wakaona hasara hiyo kuwa ni asili ya mashine. Si asili yake. Ipo fremu ya chuma, maarufu kwa jina la Alaska, inayofungwa kwenye upanga wa msumeno na kuteleza juu ya ubao ulionyooka au ngazi iliyolazwa juu ya gogo. Ukishapima unene mara moja, msumeno hauna pa kukengeukia. Fundi mzuri wa kuchomelea mjini Bukavu anaweza kuiunda kwa mabomba ya mraba na boliti, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Kifaa hicho cha bei ndogo ndicho kinachoirudisha ile mbao ya nane na ya tisa.

Sasa injini. Katika nchi nyingi za Afrika, msumeno uliopendwa na wapasuaji kwa miaka mingi ni Stihl 070: injini ya zaidi ya cc 105, uzito wa zaidi ya kilo 10 bila upanga na mnyororo, mwendo wa taratibu wenye nguvu za kuvuta. Ni mashine ya kuheshimiwa, iliyotengenezwa kwa magogo makubwa na panga ndefu. Lakini haina breki ya mnyororo, ile inayousimamisha mara moja ncha ya upanga inaporuka kumrudia mpasuaji, na mtikiso wake ni mkali kwa vidole vya mtu anayeishika siku nzima. Kwa gogo la sentimita 35, urefu wa upanga unaohitajika ni sentimita 50, au 60 ukiwa na fremu. Msumeno wa cc 70 hadi 90, wenye breki na wenye mpira wa kupunguza mtikiso, unauendesha upanga huo bila taabu, na ule wa cc 70 una kilo 6 au 7 tu. Kwa kuangusha na kupunguza matawi hata wa cc 50 unatosha, na aliye juu ya mteremko wenye matope atashukuru kwa kila kilo aliyopunguziwa.

Hapa kuna pingamizi la kweli ambalo halifai kupitwa haraka. Kupasua kwa urefu wa gogo si sawa na kukata kwa upana wake. Injini hufanya kazi kwa nguvu zake zote, dakika baada ya dakika, na joto hupanda. Msumeno mdogo ukilazimishwa hivyo utaungua. Tena Kavumu iko juu. Uwanja wake wa ndege uko kwenye mita 1,720 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, kiasi kwamba injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Je, hiyo si sababu ya kununua kubwa? Ni sababu ya kutonunua ndogo mno, na ndiyo maana nimetaja cc 70 kama kiwango cha chini cha kupasulia, si 50. Zaidi ya hapo, sehemu ya nguvu inayopotea hupotea kwa kabureta isiyorekebishwa. Mashine iliyopangwa kwa nchi ya chini, ikifika Kavumu, hupata petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, plagi inajaa masizi, mwendo unalegea, na mwenyewe anadhani imechoka. Fundi akiipunguzia petroli kwa bisibisi, sehemu hiyo ya nguvu inarudi. Ila asisahau kuirudisha ilivyokuwa siku mashine hiyo itakaposhushwa Uvira, karibu na usawa wa Ziwa Tanganyika, chini kwa takriban mita 900. Kule hewa ni nzito. Kabureta iliyobanwa kwa ajili ya Kavumu itaipa injini petroli kidogo mno, na kwa kuwa petroli hiyo ndiyo inayobeba oili ya kulainisha, pistoni itakwama. Injini iliyokufa hivyo haikufa kwa udogo wake.

Mnyororo nao una hesabu yake. Ule unaouzwa dukani umenolewa kwa kukata mti kwa upana, meno yakiwa na pembe ya nyuzi 30 hivi. Ukipasua nao kwa urefu, unararua nyuzi za mti, unaacha mbao yenye mikwaruzo na unaichosha injini. Kwa kupasua, meno hunolewa upya hadi pembe ya nyuzi 10 hivi. Kazi hiyo inataka tupa ya duara ya kipimo sahihi, kifaa kidogo cha kushikia pembe, na subira. Mpasuaji asiyenoa kila anapojaza petroli atajikuta anausukuma msumeno kwa nguvu za mikono, na dalili inaonekana wazi: msumeno mkali hutoa vipande vidogo, butu hutoa unga. Oili pia isifanyiwe ubahili. Watengenezaji wengi hutaka lita moja ya oili ya mashine za mipigo miwili kwa lita 50 za petroli, oili ikiwa ya daraja linalofaa. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari haifai hata kulainishia mnyororo, kwa sababu chembe za chuma zilizomo humo husaga pampu na upanga.

Mkaratusi una tabia inayodai mbinu zaidi kuliko nguvu. Unakua ukiwa umejibana ndani, na mara tu unapokatwa, mbano huo hufunguka: gogo linapasuka kwenye miisho, na mbao inayotolewa upande mmoja tu hujipinda hapohapo juu ya gogo. Mpasuaji mwenye ujuzi hupasua mapema baada ya kuangusha, na hutoa mbao moja upande huu, kisha moja upande wa pili, ili mbano ufunguke sawasawa pande zote. Mbano huohuo huua watu wakati wa kuangusha, hasa mti ulioinama: ukikatwa moja kwa moja kutoka nyuma, shina hupasuka wima na kuruka. Njia sahihi kwa mti usioinama sana inafahamika na haitegemei chapa ya mashine. Kwanza kata pengo la kuelekeza, lenye kina cha robo au moja ya tano ya unene. Kisha kata kutoka nyuma, ukiacha bawaba ya moja ya kumi ya unene. Gonga kabari kabla upanga haujabanwa. Na uwe umekwisha kufyeka njia ya kukimbilia, kwa upande wa nyuma. Wengine wote wawe mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Karibu na nyumba na nyaya za umeme, ongeza kamba na mtu wa kuivuta. Kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, na suruali yenye nyuzi za kuusimamisha mnyororo ni sehemu ya bei ya msumeno, na anayeona hawezi kuvinunua basi bado hajaimudu bei ya msumeno huo.

Wapo watakaosema: mashine kubwa na ya zamani ina vipuri kila soko, na kila fundi anaijua. Hilo lina uzito Kivu ya Kusini kuliko mahali pengi. Waasi wa M23 walipouchukua uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025, na Bukavu siku mbili baadaye, ndege zilikatika na benki zikafunga milango. Mashine iliyotegemea kipuri cha kuagizwa mbali ilikuwa chuma tu. Nakubali kwamba urahisi wa vipuri uwe sharti. Lakini hiyo ni hoja ya kuchagua aina inayojulikana sokoni, na misumeno ya cc 70 ya chapa kubwa inajulikana pia. Pamoja na mashine, mnunuzi aweke akiba ya minyororo, upanga wa pili, plagi, vichujio vya hewa na kamba ya kuwashia. Nani amesikia fremu ya chuma ikikosa kipuri?

Pingamizi zito zaidi linahusu msitu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, inaanza karibu sana na mashamba haya. Je, kuwafundisha watu kupasua vizuri si kuwapa makali ya kuumaliza msitu huo? Ghana ilijaribu njia ya marufuku mwaka 1998, ikazuia mbao zilizopasuliwa kwa misumeno ya mnyororo, na biashara hiyo ikaendelea kulisha soko la ndani kwa siri. Marufuku ya kifaa haikugusa hitaji la mbao. Kinyume chake, uchaguzi ninaoutetea unaelekea upande wa hifadhi: upanga wa sentimita 50 au 60 ni wa mti wa shamba, na anayenunua wa sentimita 90 Kavumu anastahili kuulizwa anaupeleka kwenye mti gani. Pia mbao 9 badala ya 7 ni mti mmoja uliobaki umesimama katika kila mitano hivi.

Kuhusu mashine za kupasulia za kudumu, nitasema machache. Zile za msumeno wa utepe hula milimita 2 tu na zingetoa mbao 11 kwenye gogo letu, lakini zinadai barabara, magogo mengi na mtaji ambao mashamba madogo yaliyotawanyika vilimani hayana. Zile za bapa la duara, zinazoitwa dingdong kule Mafinga nchini Tanzania, ni nafuu, ila hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi.

Yote haya yanaweza kupimwa karibu kabisa na Kavumu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kiko Mulungu, katika Kabare hiyohiyo. Naomba kituo hicho, pamoja na vikundi vya wapasuaji, kichague siku moja, kilaze magogo ya mkaratusi ya unene mmoja, na kuyapasua mbele ya watu: mengine kwa msumeno mkubwa ulioshikwa kwa mikono, mengine kwa ule wa wastani ulio kwenye fremu, mengine kwa msumeno wa watu wawili. Kisha mbao zihesabiwe, petroli ipimwe, na matokeo yabandikwe sokoni kwa Kiswahili na Kimashi.