Kina cha Bahari: Tour de France na Msikilizaji Wake

Katika jamii ya washabiki wa michezo, mshabiki wa Tour de France ana hali yake peke yake. Mwenziwe wa kandanda huketi uwanjani dakika tisini, na kila linalotendeka hutendeka mbele ya macho yake. Huyu wa baiskeli hufika kando ya barabara tangu asubuhi, na ikiwa ni mlimani pengine tangu siku mbili nyuma. Hula hapo, hulala hapo, akapitiwa na msafara mrefu wa magari ya matangazo yenye kurusha kofia na peremende, ndipo mwisho, kama barabara ni tambarare, wapanda baiskeli zaidi ya mia na hamsini wampite kwa muda usiotimia dakika moja. Aongozaye hamtambui. Aliyeanguka kilomita ishirini nyuma hana khabari naye. Wakishapita wote, huuliza kama aulizavyo yule aliyebaki nyumbani: kumetokea nini?

Jibu la swali hilo ndilo Tour de France yenyewe. Mbio hizi huenda siku ishirini na moja, zaidi ya kilomita elfu tatu, na hakuna jicho la mtu mmoja liwezalo kuzienea. Zipo kamili mahali pamoja tu, nako ni katika masimulizi. Kwa hiyo mshabiki wake ni msikilizaji kwanza, mtazamaji baadaye, na mhakiki wa fasihi ana haki ya kuziuliza mbio hizi yale aulizayo utenzi: nani anasimulia, kwa nani, na je, anaaminika?

Wala si sadfa kuwa mambo yako hivyo, kwani mbio zenyewe zilizaliwa gazetini. Mwaka 1902 gazeti la michezo L'Auto, lililochapwa kwa karatasi ya manjano, lilikuwa likishindana na Le Vélo na likishindwa. Mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre, alimpa mhariri Henri Desgrange rai ya kuizunguka Ufaransa kwa baiskeli. Tarehe 1 Julai 1903 watu 60 waliondoka Montgeron, nje kidogo ya Paris. Hatua zilikuwa 6 tu, masafa yote kilomita 2,428, na watu walikwenda hata usiku kucha. Walioumaliza mzunguko walikuwa 21, na mbele yao Maurice Garin. Lefèvre aliwafuata kwa treni na baiskeli, akiandika. Mwaka uliofuata Le Vélo likafa. Yaani aliyetangulia ni msomaji, kisha mbio zikatungwa ili apate cha kusoma.

Mwenye kuujua utenzi atauelewa muundo wa mbio hizi upesi kuliko mtu mwingine. Kila ubeti wa utenzi una vipande vinne: vitatu vya kwanza vina kina chao, ambacho huzaliwa na kufa humo humo, cha nne hubeba kina cha bahari, kile kinachopita beti zote tangu basmala hadi tamati. Hatua ya siku ni ubeti. Ina mshindi wake, shangwe yake, na kesho imesahauliwa. Lakini chini yake hupita hesabu ya saa, inayojumlishwa siku baada ya siku, na mwenye saa chache kuliko wote ndiye avaaye fulana ya manjano, ambayo tangu mwaka 1919 imekuwa alama ya kina hicho kirefu. Ndiyo maana mtu huweza kushinda Tour nzima pasi na kushinda hata hatua moja. Roger Walkowiak alifanya hivyo mwaka 1956.

Na hapo mshabiki alionyesha tabia yake. Walkowiak hakupendwa. Jina lake likageuzwa msemo wa Kifaransa wa kumsimanga mtu aliyeshinda bila ya fahari. Hesabu yake ilikuwa sahihi na hapana aliyeipinga, ila msikilizaji hakupewa ubeti hata mmoja wa kukariri. Kinyume chake ni Raymond Poulidor, ambaye alimaliza wa pili mara 3 na wa tatu mara 5, na fulana ya manjano hakuivaa hata siku moja. Tarehe 12 Julai 1964, katika mpando wa Puy de Dôme, yeye na Jacques Anquetil walipanda bega kwa bega, mabega yenyewe yakigusana, mpaka karibu na kilele Poulidor akachomoka. Ilipohesabiwa saa, Anquetil alikuwa amebakiwa na sekunde 14 za kuilinda fulana yake, na Paris aliingia mshindi kwa sekunde 55. Wafaransa walimpa Anquetil heshima, wakampa Poulidor mapenzi, na mapenzi hayo hayakupungua mpaka alipofariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye mjukuu wake, Mathieu van der Poel, aliivaa ile fulana huko Mûr-de-Bretagne. Mtunzi wa riwaya angeliambiwa ametia chumvi.

Sasa wasimulizi. Wa kwanza ni Desgrange mwenyewe, aliyekuwa mtunzi, mwenye mbio na kadhi wa mbio kwa wakati mmoja, na hiyo ni kasoro kubwa ya kazi yake. Kisa mashuhuri kuliko vyote vya zama zake ni cha Eugène Christophe. Mwaka 1913, akiteremka mlima Tourmalet, uma unaoshika gurudumu lake la mbele ulivunjika. Kanuni ya Desgrange ilikataza msaada wowote. Christophe akaiweka baiskeli begani, akashuka kwa miguu zaidi ya kilomita kumi hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma mwenyewe, huku wasimamizi wamesimama wakimwangalia. Aliadhibiwa juu ya hayo, kwa kuwa mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Kisa hiki kinasimuliwa kama sifa ya ustahamilivu, nacho ni sifa kweli. Lakini aliyeitunga kanuni ndiye aliyelipa gazeti lake kisa cha kuuza, na hilo msikilizaji haambiwi.

Aliyeliona ni Albert Londres. Huyu hakuwa mwandishi wa michezo. Alikuwa ametoka kuandika juu ya gereza la Wafaransa huko Guyane. Mwaka 1924 gazeti la Le Petit Parisien lilimtuma kuifuata Tour, akamkuta Henri Pélissier, mshindi wa mwaka uliotangulia, ameketi mkahawani Coutances pamoja na nduguye Francis na mwenzao Maurice Ville. Wamejitoa. Sababu yao ni fulana: kanuni ilimtaka mtu afike na kila alichoondoka nacho, na msimamizi alikuwa amempekua Pélissier kuhesabu fulana alizovaa. Kisha wakaimwaga mifuko yao mezani, wakamwonyesha kokeini ya macho, klorofomu ya ufizi, na vidonge. Baadaye Francis alidai kuwa walimtania mgeni. Huenda. Hata hivyo kurasa zile zimeishi, kwa sababu Londres alifanya jambo ambalo Desgrange asingeweza kulifanya: alimwacha mpanda baiskeli aseme, naye akanyamaza.

Wa tatu ni Roland Barthes, katika Mythologies, kitabu cha mwaka 1957. Insha yake juu ya Tour kama utenzi wa mashujaa ndiyo wanayoitaja wasomi kila mahali, na ina maarifa mengi: namna majina ya wapanda baiskeli yanavyotosha peke yake kuwa wahusika, namna milima inavyogeuka kuwa watu, na Ventoux kuwa mungu wa shari anayetaka kafara. Miaka kumi baada ya kitabu hicho, tarehe 13 Julai 1967, Mwingereza Tom Simpson alifia kwenye mteremko wa Ventoux, na uchunguzi ukakuta amfetamini mwilini mwake. Kafara ikawa neno zito kuliko alivyokusudia mwandishi.

Lakini pana pengo katika insha hiyo. Barthes anaitazama dawa ya kuongeza nguvu kama kufuru: mtu ameiba cheche iliyo haki ya miungu kuigawa. Hoja ni nzuri kwa sikio, ila inamtoa msikilizaji nje ya mlango. Utenzi hauna miungu pasi na hadhira. Anayedhulumiwa na dawa, baada ya mwili wa mwenye kuitumia na mwenziwe aliyekataa kuitumia, ni yule aliyetega sikio, ambaye hakuona lolote na hivyo alilazimika kuamini kila kitu. Mtazamaji wa kandanda akidanganywa, bado aliuona mpira ukiingia wavuni. Wa baiskeli amana yake yote ameiweka katika neno.

Ukubwa wa dhulma hiyo ulidhihirika Oktoba 2012, pale Lance Armstrong alipovuliwa ushindi wa miaka saba, tangu 1999 hadi 2005. Wengi waliomfuata kwa karibu nao walikuwa na kesi zao, kwa hiyo ushindi haukukabidhiwa mtu mwingine. Orodha ya washindi ina nafasi saba tupu. Katika yote yaliyoandikwa juu ya Tour, hiyo ni kazi safi kabisa ya uhariri: kina cha bahari kimekatwa kwa beti saba, na hakuna aliyethubutu kukibandika kingine. Hasara yake, hata hivyo, haipimiki kwa orodha. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1999, akaifuata kila Julai hadi akawa mtu mzima, amebaki na kumbukumbu za milima na jua na sauti ya mtangazaji, asijue aziweke wapi. Hawezi kuziita uongo, kwani aliziishi. Hawezi kuzisimulia kwa mwanawe vilevile alivyozisikia.

Dawa aliyopewa mshabiki huyo ni picha. Tangu mwaka 2017 kila hatua ya Tour inaonyeshwa moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na takwimu za mwendo na mapigo ya moyo. Ni ukarimu mkubwa, na umeponya kidogo tu, maana kamera haiwezi kuiona damu ya mtu ina nini. Walakini imembadilisha mshabiki wa barabarani. Zamani aliandika kwa chokaa juu ya lami jina la ampendaye, lisomwe na huyo mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa kwa uchovu, na desturi hiyo ingaliko. Mwaka 2021, katika hatua ya kwanza, mshabiki mmoja alinyoosha bango la salamu kwa babu na bibi yake, ameielekea kamera na kuwapa mgongo waliokuwa wakija. Tony Martin akaligonga, na kundi zima likaporomoka nyuma yake. Miaka mitano kabla, tarehe 14 Julai 2016, umati uliziba njia juu ya Ventoux, pikipiki ikasimama ghafla, wapanda baiskeli wakaigonga, na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah, akaonekana akikimbia mlimani kwa viatu vya baiskeli ndani ya fulana ya manjano, baiskeli yake imevunjika. Christophe alitembea peke yake na dunia ikaja kusimuliwa. Froome alikimbia mbele ya dunia nzima, na kisa kilikwisha siku ile ile. Labda kuona kupita kiasi nako kunachosha hadithi.

Iliyobaki ni khabari ya nani msikilizaji siku hizi. Tarehe 1 Julai 2024, miaka 121 kamili tangu siku ya Montgeron, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua huko Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika Tour; akaongeza nyingine mbili na kurudi na fulana ya kijani. Ushindi wa kwanza ulikuwa katika ardhi ya Italia, nchi iliyoileta baiskeli Asmara pamoja na ukoloni wake na ambayo kwa muda iliwakataza Waeritrea kushindana na Wataliano. Bendera za Eritrea zilizokuwa kando ya barabara hazikuhitaji mfasiri. Mwaka 2025 Kimberley Le Court wa Mauritius, binti wa visiwa vya bahari hii hii, aliivaa fulana ya manjano ya Tour ya wanawake. Rwanda nayo ina mbio zake za hatua tangu mwaka 1988, na mpando wake unaotisha, ule wa mawe uitwao Ukuta wa Kigali, uko upande wa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili ni mwenyeji wake wa siku nyingi.

Kwa hiyo lugha hii nayo itatakiwa kusimulia, na maneno lazima yachaguliwe kwa uangalifu. Kile Wafaransa wakiitacho peloton, neno lililotokana na kidonge cha uzi, "kundi kubwa" linakifaa, japo uzi umepotea. Kazi iko kwa domestique, yule anayewakatia wengine upepo na kuwaletea maji ili bwana wake ashinde. Neno hilo lilikuwa tusi la Desgrange kwa Maurice Brocco mwaka 1911, na baadaye likawa jina la kazi. "Mtumishi" ni tafsiri sahihi na ni baya. Pwani ina neno mpambe, ambalo linajua tofauti kati ya kuhudumu na kudhalilika, na aliyewahi kumwona mpambe akifanya kazi yake arusini atajua mara moja ni nani yule anayeachwa nyuma kilomita tano kabla ya kilele, amemaliza.