Maneno ya Kiingereza ya Kueleza Mahali, Yaliyopimwa Ras Mkumbi

Vitabu vingi vya kusomeshea Kiingereza hulianza fungu la kueleza mahali kwa picha ya kilima, na mto, na kondoo wakila majani. Nasi tulivifuata miaka mingi bila kuuliza, hata siku moja mtoto wa Bweni, kijiji kilicho karibu na Ras Mkumbi katika Mafia, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake huku bara, alipotuletea insha juu ya kwao. Aliandika kwa Kiingereza safi kwamba nyuma ya nyumba yao pana kilima, na chini yake wapita mto. Tulimpa alama nzuri. Baadaye tuliona haya, maana Bweni hakuna kilima wala mto wa namna hiyo, na sisi tulimsifu kwa kusema yasiyokuwapo.

Tangu hapo kila kitabu cha namna hii twakipima kwa swali moja: je, mtoto aweza kusimama Ras Mkumbi na kueleza aonayo kwa maneno aliyopewa humo? Pale ni ncha ya kaskazini ya kisiwa. Pana mnara wa taa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, pana majabali ya matumbawe, na mbele yake bahari. Theluji ataipata kitabuni, na majira manne ya Ulaya pia. Maji kujaa na maji kupwa, ambayo ndiyo saa ya wavuvi, hayapati.

Upungufu huu si mdogo, kwa kuwa huzaa makosa. Bamvua kwa Kiingereza ni "spring tide", na maji mafu ni "neap tide". Mwanafunzi aliyekwisha kukariri kwamba "spring" ni majira ya maua hudhani kwamba bamvua huja mara moja kwa mwaka. Mvuvi asiyejua neno moja la Kiingereza angemcheka, maana bamvua huja mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu. Tena lipo neno "monsoon", ambalo asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa msimu wetu. Mtoto ajuaye Kaskazi na Kusi amekwisha kuijua maana yake. Amekosa jina tu.

Katika sarufi twaona kosa kubwa zaidi. Vitabu huandika kwamba "there is" maana yake ni kuna, kisha hupita. Walakini sisi twasema pana, kuna na mna, wala si sawasawa. Kiingereza huzifunika zote tatu kwa neno moja, kisha huzitafuta tena kwa "at" na "in". Basi mwalimu na aanze na yale mtoto aliyo nayo. Mnara upo Ras Mkumbi: "at Ras Mkumbi". Samaki wamo horini: "in the creek". Kaskazini mwa Mafia ni "in the north of Mafia", kwa kuwa ni ndani yake. Bali delta ya Rufiji iko nje, ng'ambo ya mkondo wa bahari, nayo ni "to the west of Mafia".

Ufunguo huu haufungui kila mlango. Twasema kisiwani, na mtoto atataka kuandika "in". Mwingereza husema "on the island", na "on the beach", na "on the reef", kana kwamba kila kitu kimewekwa juu ya meza. Hapo hakuna hila. Yapasa kurudia mpaka ulimi uzoee.

Kwa haki tuseme kwamba vitabu hivi huzieleza vema sifa kama "sandy", "rocky" na "muddy", ambazo sisi twazisema kwa -enye. Habari ya "the" nayo si mbaya: "the Indian Ocean", "the Rufiji", lakini "Mafia Island" bila kitu. Mmoja katika wenzetu aliwafundisha watoto kuandika "Cape Ras Mkumbi". Hiyo ni kusema rasi mara mbili! Ras ni kichwa kwa Kiarabu, na Waingereza nao huziita rasi zao nyingine "Head". Wachora ramani wao waliliacha jina letu kama lilivyo.

Mtoto yule tulimrudishia insha yake, tukamwambia aandike tena, asitie ila alivyoviona. Alileta mistari sita: mnara, mwamba, upepo wa Kusi, na mashua ya baba yake imelala ubavu mchangani, ikingoja maji. Alisahau "the" mara nne, akaandika "in the beach". Alama zake zilikuwa chache kuliko za kwanza, na mjomba wake alikuja kutuuliza sababu.