Presha: tunamlaumu mganga, tunasahau kidonge cha maumivu

"Usichanganye dawa za hospitali na za kienyeji." Kama una presha na unaishi Moshi, ushauri huu umeshausikia mpaka umechoka. Sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba unaishia pale ambapo hatari inayojulikana vizuri zaidi inaanza: kidonge cha maumivu.

Chukua mfano wa bibi wa Kibosho anayetumia losatani pamoja na dawa ya kupunguza maji mwilini. Kutwa ameinama kihambani, jioni magoti yanamuuma, ananunua diklofenaki duka la dawa. Ushauri hajauvunja hata kidogo. Dawa zote tatu si ni za hospitali?

Sasa twende kwenye figo. Ili ichuje damu, inahitaji msukumo. Dawa ya maji inapunguza maji kwenye damu. Losatani inalegeza mshipa mdogo unaotoa damu kwenye kichujio. Diklofenaki nayo inazuia kemikali zinazouacha wazi mshipa unaoingiza. Damu inaingia kidogo, inatoka kirahisi, msukumo unaporomoka. Isitoshe, diklofenaki hufanya mwili ushikilie chumvi, presha inapanda, halafu tunasema losatani "imegoma".

Utafiti wa Uingereza wa 2013, uliohusisha watumiaji zaidi ya 487,000 wa dawa za presha, ulikuta mchanganyiko wa aina hii tatu ukiendana na ongezeko la 31% la figo kuumia ghafla. Kwa siku 30 za mwanzo, ongezeko lilikuwa 82%. Kwa mtu mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, lakini mzee anayeharisha au asiyekunywa maji ya kutosha yuko pabaya zaidi.

Na kwetu? Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa 2015 ulikadiria kuwa 7% ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo. Karibu nusu yao hawakuwa na presha, kisukari wala VVU. Hilo halimtii hatiani diklofenaki. Ila linatudai tuulize kila kilichomo kwenye mfuko wa dawa wa mgonjwa, siyo mizizi na majani tu.

Ushauri ningeuandika hivi: una presha? Kabla ya kununua dawa yoyote ya maumivu, mtajie muuzaji dawa zako kwa majina. Parasetamoli kwa kawaida ni salama zaidi kwa figo. Na dawa ya presha usiiache bila kuongea na daktari.