Kasoro ya Maandishi, Kasoro ya Mashine: Uhakiki wa Mwongozo wa Kiendeshi cha rl katika FreeBSD

Mjadala wetu kuhusu Kiswahili na kompyuta umejikita mno katika menyu na vitufe. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tumezoea kuhesabu maneno ya skrini yaliyopata visawe. Makala haya yanageukia matini ya aina nyingine: ukurasa wa mwongozo unaomwelekeza msimamizi wa mfumo namna ya kuiwezesha kadi ya mtandao kufanya kazi. Mfano uliochaguliwa ni ukurasa wa rl, kiendeshi alichokiandika Bill Paul kwa ajili ya FreeBSD, mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix, ili kihudumie kadi zenye chipu ya Realtek 8139.

Maelekezo yenyewe ni mafupi. Ikiwa kiendeshi hakimo tayari katika kiini cha mfumo, mstari if_rl_load="YES" katika faili la /boot/loader.conf hukipakia wakati kompyuta inapowaka. Kadi hujitokeza kwa jina rl0, na mstari ifconfig_rl0="DHCP" katika /etc/rc.conf huiombea anwani. Jina hilo si la kadi wala la kampuni. Ni la kiendeshi, likifuatwa na namba. Hapo ndipo msomaji wa kawaida hupotea, kwa kuwa yeye hutazama jina lililochapishwa kwenye boksi, ilhali mfumo hujali chipu. Ukurasa wa rl unaitaja D-Link DFE-530TX+. Kadi ya DFE-530TX, isiyo na alama ya kujumlisha, ina chipu ya VIA Rhine na huhudumiwa na kiendeshi kingine, vr. Wanafonolojia wataitambua jozi hii mara moja: ni mlinganuo finyu. Mfasiri atakayeiona alama hiyo kuwa pambo atampeleka msomaji kwenye kiendeshi kisicho chake, na kadi itabaki bubu.

Sehemu iliyo nzito zaidi ni ile ya kasoro, ambayo wengi hawaifikii. Mwandishi analalamika humo, bila kumung'unya maneno, kwamba karatasi za maelezo za watengenezaji wa chipu zina sarufi na tahajia mbovu, na kwamba taarifa nyingi hazimo. Msomaji aweza kudhani ni kisirani cha mhandisi. Lakini Paul anatoa ushahidi. Chipu ikishapokea fremu, hukiarifu kiendeshi kije kuichukua. Wakati huohuo, yenyewe yaweza kuwa inanakili fremu nyingine kwenye bafa. Kiendeshi kikimaliza kazi yake mapema, kitaivamia fremu ya pili kabla haijakamilika. Kinga ipo: fremu ya namna hiyo huonyesha thamani 0xFFF0 mahali pa urefu wake, na kiendeshi kikiiona hujua kwamba hakuna zaidi cha kuchukua kwa sasa. Thamani hiyo, kwa mujibu wa Paul, haikutajwa popote katika karatasi hizo.

Kiswahili kina nguvu ya pekee katika maelezo ya namna hii. Kwa Kiingereza, kiendeshi na chipu hurejelewa kwa kiwakilishi kilekile, hivyo mwandishi hulazimika kurudia nomino. Sisi tukisema "kikimaliza kabla haijamaliza", upatanisho unatosha kumtambulisha kila mtendaji. Faida hii huharibika pale neno "kiendeshi" linapotumiwa pia kwa diski, kama ilivyo katika baadhi ya tafsiri. Diski na iitwe diski. "Dereva" lingetofautisha pia, ila humfanya msomaji afikirie usukani. Hata hivyo, upatanisho hauokoi kila kitu: chipu na fremu zote ni za ngeli ya I-/ZI-, na hapo lazima nomino irudiwe, ladha ya sentensi ipende isipende.

Ukurasa huu nao una upungufu wake. Humwacha gizani mtu asiyeijua chipu yake; amri ya pciconf -lv, inayoorodhesha vifaa vilivyomo na kuonyesha vile visivyo na kiendeshi, ina ukurasa wake mbali na huo. Tafsiri ya Kiswahili isiishie kuuhamisha upungufu huo. Iianze safari kwa amri hiyo.

Kwa washauri wa sera, swali ni la kipimo. Mkataba wa tafsiri unaolipa kwa idadi ya maneno hukipa kitufe cha "Hifadhi" thamani sawa na neno lolote katika aya ya 0xFFF0, ingawa aya hiyo humtaka mfasiri aelewe kwanza kinachotokea ndani ya bafa. Kipimo kinachofaa ni kumpa fundi kadi, kompyuta na matini ya Kiswahili peke yake, kisha kuangalia kama rl0 itapata anwani.