Mizani Inapojitaja kwa Namba

Mkulima mdogo wa chai wa Kericho au Bomet hulipwa kwa kilo zilizo kwenye risiti. Awe anapeleka majani yake mabichi kiwanda cha Litein, cha Momul au cha Kapkoros, kilo hizo huanzia kwenye kituo cha kununulia: mizani ya kielektroniki inapima, kifaa cha mkononi cha karani kinarekodi, printa ndogo inachapa. Vifaa vya namna hii vikiunganishwa bila waya, huanza kwa kutambuana. Hapo ndipo fimwea, yaani programu iliyokaa ndani ya kifaa chenyewe, inapolazimika kugeuza namba kuwa jina linalosomeka.

Tuanze na printa. Kwa kanuni ya Bluetooth ya kawaida, kifaa hutangaza aina yake kwa namba ya biti 24. Printa inaweza kutangaza 040680, kwa hesabu ya msingi wa 16. Ndani yake mna mambo manne: biti 11 za juu hutaja huduma, 5 zinazofuata hutaja aina kuu, 6 hutaja aina ndogo, na 2 za mwisho muundo wa namba yenyewe. Ukichukua aina kuu unapata 6, kundi la vifaa vya picha. Katika aina ndogo, biti ya printa imewashwa. Jina limepatikana.

Mwandishi wa programu mwenye haraka hulinganisha namba nzima na jedwali lake: 040680 ni printa, basi. Kesho inakuja printa nyingine inayotangaza 140680, na skrini haiitambui. Kilichoongezeka ni biti moja ya huduma tu, aina haijabadilika. Dawa yake ni kuziondoa biti za huduma kwanza, ndipo utafute jina.

Mtego wa pili umejificha zaidi. Aina ndogo hazisomwi kwa njia moja. Katika kundi la picha, kila biti inajitegemea: onyesho, kamera, skana, printa. Mashine inayochapa na kuskani huwasha biti mbili kwa pamoja. Katika kundi la 9, la afya, aina ndogo ni namba ya kawaida: 1 ni kipimo cha shinikizo la damu, 2 ni kipimajoto, 3 ni mizani. Jedwali moja haliwezi kuhudumia makundi yote mawili. Fimwea nzuri husoma aina kuu, kisha huikabidhi aina ndogo kwa kanuni ya kundi husika.

Mizani, kwa hiyo, imo chini ya afya, namba 00090C. Waliopanga orodha hiyo walimfikiria mtu anayejipima uzito, si gunia la majani chai kwenye kulabu. Mtengenezaji wa mizani ya shambani anaweza kuazima namba hiyo, au akatumia aina kuu ya 31, ambayo maana yake ni kwamba kifaa hakikuainishwa. Fimwea isikisie. Kifaa kilichotangaza 31 kimekataa kujitaja; kilichotangaza aina kuu isiyo kwenye jedwali letu huenda ni kipya kuliko jedwali lenyewe. Hizo ni hali mbili, na fundi anayezikuta kituoni atazishughulikia kwa njia mbili tofauti: ya kwanza atauliza mtengenezaji, ya pili atasasisha programu.

Ndiyo maana namba ghafi isitupwe jina linapokosekana. Biti za huduma zikishaondolewa, hata skrini ndogo ya herufi 16 kwa mstari inatosha: "Haikujitaja 1F00" kwa hali ya kwanza, "Haijulikani 0A00" kwa ya pili. Kila moja inajaza mstari barabara. Majina yenyewe yawekwe kwenye jedwali la pekee, mbali na hesabu ya biti, ili Kiswahili, Kiingereza au Kipsigis viweze kubadilishana nafasi bila mtu kugusa mantiki.

Mizani ya kuunganishwa kwa waya wa USB inaonyesha uzito wa jambo hili vizuri zaidi. Kanuni ya USB ina ukurasa maalumu wa mizani, namba 8D, na mizani inayoufuata inaweza kutuma baiti sita kama hizi: 03 04 03 FF 7D 00. Baiti ya kwanza ni namba ya ripoti. Ya pili ni hali: 04 ni mzigo umetulia. Ya tatu ni kipimo: 03 ni kilo. Ya nne ni kipeo cha kumi, na FF hapa ni hasi 1. Anayeisoma kama 255 atapata uzito wa ajabu. Mbili za mwisho, ndogo ikitangulia, ni 125. Jibu ni kilo 12.5.

Tazama 03 ilivyojitokeza mara mbili kwa maana mbili. Ingekaa nafasi ya pili ingekuwa na maana ya tatu: mzigo bado unatikisika. Fimwea inayoonyesha kilo bila kutafsiri hali inamruhusu karani arekodi gunia linaloyumba, na tofauti yoyote atakayeibeba ni mkulima au kiwanda.

Tena, tukirudi kwenye Bluetooth, aina ni tangazo la kifaa chenyewe. Chochote kinaweza kudai ni printa. Jina limsaidie karani kuchagua kwenye orodha, lakini muunganisho ufungwe kwa anwani ya kifaa kilichosajiliwa. Na kumbukumbu ihifadhi baiti zote sita kando ya kilo zilizotafsiriwa. Mkulima akirudi na risiti yake kulalamika, baiti ya pili itasema kama gunia lilikuwa limetulia.