Sikio Kwanza, Ubao Baadaye: Namna Solfa Ilivyofundishwa

Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, Uingereza, mchungaji kijana aitwaye John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha uimbaji. Hakuwa msomi wa muziki, na yeye mwenyewe alihangaika kujifunza kuimba kwa noti. Njia aliyoichagua ilikuwa ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, aliyekuwa ameichapisha mwaka 1835 baada ya kuitumia na watoto. Curwen aliipanga upya, akaiongezea mazoezi na mitihani, na alipofariki mwaka 1880 njia hiyo, iliyoitwa solfa, ilikuwa imeenea shuleni Uingereza na imekwisha kuvuka bahari pamoja na wamisionari. Ndiyo do, re, mi ambayo waimbaji wengi wa kwaya Afrika Mashariki wameikuta kanisani na shuleni. Watu wengi wakiitaja solfa hufikiria zile herufi saba, d hadi t. Mimi nadhani herufi ndizo sehemu ndogo kuliko zote. Kilichowafanya watoto wasio na piano wala kitabu waweze kuimba wimbo wasiowahi kuusikia ni utaratibu wa somo: mtoto alisikia sauti, akaiimba, akaitambua kati ya nyingine, na hapo ndipo alipoonyeshwa alama yake. Sisi tumezitunza herufi, utaratibu huo tukauacha uchakae.

Tuutazame kwa karibu. Katika kozi ya Curwen, hatua ya kwanza haikuwa na ngazi nzima ya sauti. Ilikuwa na tatu tu: do, mi na so, sauti zinazokaa pamoja kwa utulivu kiasi kwamba hata mtoto mdogo huzikamata haraka. Hatua ya pili iliongeza ti na re, ya tatu ikaleta fa na la. Ukutani ilitundikwa chati ndefu iliyoandikwa majina ya sauti kutoka chini kwenda juu, na mwalimu akawa anagusa jina kwa fimbo bila kuimba, darasa likaitoa sauti yenyewe. Kuruka kutoka do kwenda so, kurudi mi, kushuka: kila mguso ulikuwa swali, na jibu lilitoka kinywani. Kisha zikaja ishara za mkono. Do ni ngumi iliyofumbwa, mi ni kiganja kilicholazwa kikitazama chini, fa ni kidole kinachoelekea chini, ti ni kidole cha shahada kinachoelekeza juu. Ishara hizo mbili za mwisho zimechaguliwa kwa akili kubwa. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni nusu tu, na ndipo sauti za watoto zinapoteleza. Fa huvutwa kushuka kwa mi, ti huvutwa kupanda kwa do. Mkono unamwambia mtoto sauti inataka kwenda wapi kabla hajakosea.

Mapigo nayo yaliandikwa kwa vitu vilivyomo katika sanduku la mchapaji yeyote: mstari wima kwa pigo zito, nukta mbili kwa pigo jepesi, kistari kwa sauti inayoendelea. Hakukuwa na haja ya chapa maalumu za noti, kwa hiyo karatasi ya nyimbo iliuzwa kwa bei ndogo, na hata kalamu na daftari la shule vilitosha. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo tunausimamia wima kila sherehe ya taifa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake leo ndio wa Mungu Ibariki Afrika. Aliuandika kwa solfa, kwa ajili ya wanafunzi wake.

Uthibitisho wa pili uko Hungaria. Zoltán Kodály alizisikia kwaya za Uingereza katika miaka ya 1920, na ishara za mkono za Curwen zikaingia katika njia inayoitwa leo kwa jina lake. Mwaka 1950 mjini Kecskemét ilifunguliwa shule ya msingi ambako watoto walijifunza muziki kila siku ya masomo. Ninachokipenda zaidi ni kile ambacho Wahungaria walikibadilisha. Hawakuanza na do, mi, so. Walianza na so na mi, kwa sababu ndizo sauti za michezo na miito ya watoto wao, kisha wakaongeza la, na fa na ti zikasubiri, maana nyimbo zao nyingi za asili ni za sauti tano na hazina zile nusu hatua. Utaratibu wa sikio kwanza ulibaki pale pale. Nyimbo za mahali ndizo zilizoamua sauti ipi itangulie.

Linganisha na somo lililozoeleka kwetu. Mwalimu anaandika do re mi fa so la ti do ubaoni, darasa linapanda na kushuka kwa pamoja, kisha linanakili. Mtoto anayepanda ngazi hiyo kila wiki amekariri wimbo mmoja wenye maneno manane. Mwambie aanzie mi aruke hadi la, atalazimika kuipitia fa na so kimoyomoyo, au atabahatisha. Tatizo jingine liko katika nyimbo zenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nyimbo nyingi zilizotafsiriwa huweka pigo zito popote, na mtoto akaimba BAraka badala ya baRAka. Akitakiwa kupiga makofi kufuata mapigo, ulimi unamwambia hivi na mikono inamwambia vile. Michezo ya watoto kama ukuti haina kasoro hiyo, kwa kuwa ilizaliwa ndani ya lugha, na miguu tayari inajua pigo liko wapi.

Kuna watakaosema solfa ni mali ya kikoloni na inazibana nyimbo zetu katika sauti saba za piano. Hoja hii ina uzito, na naikubali nusu. Muziki wa Wagogo wa Dodoma, ule ambao Hukwe Zawose aliufikisha katika majukwaa ya dunia, una sauti zisizokaa sawasawa juu ya vitufe vya piano. Amadinda ya Buganda huigawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana ukubwa. Taarab ya Unguja ina makamu, yaani mifumo ya sauti, kama rasti na bayati, zenye sauti zilizo katikati ya vitufe. Kuzilazimisha ziitwe do na re ni kuziharibu. Lakini kinachoshindwa hapo ni herufi. Kusikiliza, kuiga, kutambua, kisha kuandika kunafaa kwa zeze na kwa kanuni ya taarab pia. Wazee waliofundisha ala hizo walianzia hapohapo, kwa sikio na mkono.

Wengine husema solfa humfungia mtoto nje ya noti za mistari mitano, ambazo mpiga ala yeyote anazihitaji. Ni kweli Curwen alipotoka alipoiondoa mistari mitano katika kozi yake mwaka 1872, ingawa mwanzoni solfa ilikuwa daraja la kuifikia. Hungaria ilirekebisha kosa hilo kwa kufundisha vyote viwili, solfa ikitangulia. Ama kuhusu darasa la watoto sitini na kipindi kilichobanwa pamoja na sanaa nyingine na michezo, ni vizuri kukumbuka kwamba njia hii ilibuniwa kwa ajili ya umati wa watoto wasio na chombo chochote. Dakika kumi za ishara za mkono kila asubuhi zina faida kuliko kipindi kizima cha kunakili.

Kikwazo halisi ni mwalimu asiyeweza kuimba rukio la mi hadi la yeye mwenyewe. Curwen alilijua hilo, ndiyo maana vyeti vyake vilitolewa kwa mtu aliyesimama mbele ya mtahini akaimba: kwanza kwa kufuata fimbo kwenye chati, kisha wimbo asiowahi kuuona. Mtihani wa namna hiyo unaweza kufanyika katika chuo chochote cha ualimu kwa chati moja ya karatasi na fimbo, na mkufunzi mmoja anaweza kuwapima walimu-wanafunzi wengi kwa siku moja.